Kielekezi cha Bwana Harusi

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Msijisumbue kuitafuta kwenye ramani, na yeyote atakayedhani anaijua, hiyo ni roho yake mbaya tu, mimi simo. Ni nchi njema, yenye amani, mihuri ya kila ukubwa na mawaziri ishirini na tisa, na kila waziri ana mkasi wake.

Mkasi ndio kitu cha kwanza kukielewa. Katika nchi hiyo barabara haijengwi kwanza ikazinduliwa baadaye, kama wafanyavyo watu wasio na haraka ya maendeleo. Inazinduliwa tu. Waziri huja na msafara, hufungiwa utepe mwekundu kati ya nguzo mbili, huukata, kina mama hupiga vigelegele, watu hugawiwa soda za moto, na tangu saa hiyo barabara inahesabiwa kuwa ipo. Akitokea mtu baadaye kuja kumwaga lami, heri. Asipotokea, barabara haipungukiwi na kitu, maana utepe umeshakatwa na jina lake limeshaandikwa kwenye Daftari la Tepe, ambalo hutunzwa ndani ya sefu katika Wizara ya Mwelekeo.

Sasa, katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi fundi cherehani mmoja aitwaye Chande Mkwizu. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, umri wake miaka arobaini na sita, mpole mpaka sindano zilimwonea. Alikuwa na gari dogo la kijivu ambalo mlango wake wa abiria ulifungwa kwa kamba, na alikuwa na mapenzi ya miaka kumi na moja kwa Sikudhani Mzuzuri, karani wa mahakama ya mwanzo, mkazi wa Mtaa wa Mikwaju. Miaka kumi na moja! Wengine huoa, wakaacha, wakaoa tena ndani ya muda huo. Chande alikuwa bado anapeleka salamu.

Kikwazo kilikuwa Shangazi Kibibi. Yeye ndiye aliyemlea Sikudhani tangu akiwa na miaka mitatu, na Sikudhani alikuwa amekula kiapo kwamba hatamvunjia neno. Na neno la Shangazi, lilipotoka mwishoni, lilitoka hivi:

"Aje Ijumaa ya tarehe mosi, saa nane kamili. Aje na gari lake mwenyewe, si la kukodi, maana mwanamume wa gari la kukodi huondoka nalo. Ikizidi dakika moja, Kombwe yupo."

Kombwe alikuwa jirani, muuzaji wa matangi ya maji. Kutoka mlangoni kwake hadi mlangoni kwa Shangazi zilikuwa hatua arobaini, na alikuwa amezihesabu. Hakuhitaji gari wala saa. Kanzu yake ilikuwa imeshapigwa pasi.

Chande alifurahi hata akashona suruali moja yenye miguu mitatu. Njia ya Mikwaju aliijua kama anavyojua mifuko yake, angeweza kuiendesha huku amefumba macho. Zikabaki siku tano. Na siku hiyohiyo Waziri wa Mwelekeo, Mheshimiwa Daktari Injinia Tegemea Nshomile, akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema redioni, "taifa lisilojua linakokwenda ni taifa lisilojua linakokwenda. Nimelitafakari jambo hili kwa kina. Kuanzia Ijumaa ya tarehe mosi hakuna gari litakalotembea bila kielekezi, kile kidude cha kisasa cha kubandika kwenye kioo, kinachozungumza na setilaiti. Na si kuwa nacho tu, ndugu zangu. Kukitii! Dereva atakayepita njia ambayo kielekezi hakikumwambia, atakuwa ametenda kosa la kuelekea bila kuelekezwa. Gari lake litazuiwa, naye atahudhuria Semina ya Mwelekeo ya wiki tisa. Chakula atajitegemea."

Chande alizima redio, akakaa juu ya rundo la kaptula, akajishika kichwa.

*

Duka la Taifa la Vielekezi lilifunguliwa Alhamisi, siku moja kabla ya sheria kuanza, ili wananchi wapate muda wa kutosha. Chande alipanga foleni tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika alipokewa na muuzaji aitwaye Ndelemo, kijana wa makamo mwenye tai fupi na tabasamu la semina.

"Karibu sana, mzee wangu. Unatafuta cha kiwango gani?"

"Cha bei nafuu, ndugu yangu. Cha kuanzia tu. Mimi sendi mbali."

"Safi! Serikali imewafikiria sana watu wasiokwenda mbali." Ndelemo akamtoa kwenye kabati la kioo, ambako kulikuwa na kielekezi kimoja kikubwa kama sinia, kimewekwa juu ya mto wa mahameli. "Hiki usikiangalie sana. Kinaitwa Kiongozi. Chenyewe hakionyeshi barabara, kinaziamuru gari nyingine zipishe. Twende rafu ya chini."

Kwenye rafu ya chini kulikuwa na aina tatu. Ndelemo alichukua ya kwanza, akaipangusa vumbi kwa tai.

"Hiki ni Kumbukumbu. Hakikupi presha. Kinakwambia ulikotoka. Ukipita sokoni, kinasema, 'Umepita sokoni.' Ukipitiliza kona, kinasema, 'Ile ilikuwa kona yako.'"

"Baada ya kuipita?"

"Mwananchi wa kawaida hupewa taarifa jambo likishatokea, mzee wangu. Ndio utaratibu hata kwenye mambo mengine."

Chande alikiri kwamba hilo ni kweli. Akauliza cha pili.

"Hiki ni Tahadhari. Kizuri sana kwa usalama. Kinapiga kelele ya 'Angalia!' kila kwenye shimo."

"Lakini mashimo yapo mwanzo mpaka mwisho."

"Ndiyo. Kwa hiyo kinaanza ukiwasha gari na kunyamaza ukizima. Mteja wa kwanza wa leo tulimpeleka hospitali, lakini alifika salama kabisa."

Cha tatu kiliitwa Mwananchi Mwanzo. Kioo chake kilikuwa na ukubwa wa kiberiti, kilikuja na kinyonyeo cha mpira cha kubandikia na waya wa kuchomeka kwenye kiwashio cha sigara, na kilizungumza kwa sauti ya Waziri mwenyewe. Kilisema wapi pa kukata kabla hujafika. Chande akaona hiki ndicho chake. Hata hivyo hakuwa mjinga, alikuwa ameshanunua cherehani mbili za mitumba katika maisha yake, akajua kuuliza.

"Ramani yake ni mpya?"

"Inasasishwa bure maisha yote."

"Maisha yangu?"

"Ya Waziri kwenye wizara."

"Na kitufe cha kuzimia kiko wapi?"

"Hicho kiko kwenye toleo la juu. Hiki ni cha kuanzia, hakizimwi."

Chande alikuna kidevu. Akauliza swali lililomleta, lile ambalo alikuwa amelibeba moyoni tangu alfajiri.

"Mtaa wa Mikwaju kinaujua?"

Ndelemo alibonyeza. Kidude kikakohoa kama mkutano unaoanza, kisha Mheshimiwa Daktari Injinia akasema kwa sauti nzito: "Mtaa wa Mikwaju upo. Naufahamu vizuri. Nimeuzindua mimi."

Roho ya Chande ikatulia. Akalipa, akasaini fomu saba, moja ya kutaja jina la anayemwendea na simu ya mwenye nyumba, ya mwisho ikiwa ya kuthibitisha kwamba amesaini zile sita, akarudi nyumbani akiimba. Mimi nayasimulia haya huku nasikitika, maana hata ningekuwa mimi ningekinunua hichohicho.

*

Ijumaa Chande alitoka kwake saa sita na nusu. Safari ya Mikwaju ni ya dakika ishirini, lakini aliona bora awahi akae garini apunge upepo. Alivaa kanzu mpya aliyoishona mwenyewe, koti jeusi, kofia ya viua, na begi la bibi harusi alilifunga kiti cha nyuma kwa mkanda kama abiria.

"Ndugu mwananchi," kielekezi kikaanza, "mimi, Mheshimiwa Daktari Injinia Tegemea Nshomile, Waziri wa Mwelekeo, nakuagiza ukate kulia."

Kulia kulikuwa siko. Chande alijua hivyo, mikono yake ilijua, hata gari lilijua maana lilikuwa limezoea kushoto. Akasita. Nyuma yake pikipiki ya askari wa mwelekeo ilikuwa imesimama, askari amechungulia kioo kidogo cha kiberiti. Chande akakata kulia.

Kikamzungusha. Kikampitisha Barabara ya Mshikamano, ambayo ilikuwa uchochoro wenye kuku, na Daraja la Ushindi, ambako ilibidi avue viatu ashuke apime maji kwa fimbo kwanza. Kila kona ilitanguliwa na jina kamili la Waziri pamoja na shahada zake, kwa hiyo agizo lilipofika kona ilikuwa imeshapita, na Chande alilazimika kugeuza. Jasho likamtiririka, kola ikalowa. Saa saba na dakika arobaini aliacha nyumba zote nyuma, akajikuta anapanda kilima kwenye njia ya mbuzi, na mbele yake likatandazika shamba la mihogo, la kijani, limestawi vizuri tu.

"Ndugu mwananchi," alisema Waziri, "umefika. Hapa ni Mtaa wa Mikwaju."

Chande alishuka. Kulikuwa na nguzo mbili zenye vipande vya utepe uliopauka. Kulikuwa na mihogo. Na katikati ya mihogo, chini ya mwavuli wa kampuni ya soda, juu ya kiti cha plastiki, alikaa askari wa usalama barabarani mwenye sare iliyopigwa pasi ikang'aa. Askari alimwona, akatoa macho, akasimama, kiti kikaanguka.

"Gari!" alisema kwa sauti ya kukatika. "Wallahi, gari!"

Alikuwa Sajini Mlekwa, na huo ulikuwa mwaka wake wa nne kituoni. Alipelekwa pale kwa barua siku utepe ulipokatwa. Kila asubuhi alisimama akanyoosha mkono kulia na kushoto, kila jioni aliandika ripoti ya magari yaliyopita: hakuna. Mwaka wa pili wakubwa wake walimwandikia wakimtaka ajieleze kwa nini anayatisha magari.

"Ndugu yangu," Mlekwa alisema huku anafuta machozi, "nakuomba kitu kimoja. Rudi nyuma kidogo, halafu uje tena. Nataka nikusimamishe vizuri."

"Afande, mimi naoa saa nane! Mtaa wa Mikwaju uko wapi?"

"Si huu hapa? Ulihamishwa. Kule bondeni palikuwa hapafai, mitaro mibovu. Waziri akauhamishia huku kwenye hewa nzuri. Nyumba tu ndizo zilizobaki."

Chande aligeuka akatazama bondeni. Aliuona Mtaa wa Mikwaju, ule wenye nyumba. Aliliona paa la Shangazi Kibibi na tangi la bluu juu yake, tangi alilouza Kombwe. Aliuona moshi wa pilau. Ungeweza kwenda na kurudi kabla chai haijachemka.

Akakunja kanzu, akataka kukimbia.

"Hapo nitakukamata," alisema Mlekwa kwa huzuni ya kweli. "Kielekezi kimesema umefika, na Wizara imeshapokea taarifa. Mtu aliyefika akionekana anakwenda, maana yake hajafika. Maana yake Wizara imesema uongo. Hilo ni kosa kubwa kuliko la gari, ndugu yangu, hilo hata semina hawakupeleki. Tulia tujaze fomu ya ukaguzi. Mlango huu umefungwa na kamba ya aina gani?"

Chande akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari, kati ya mihogo, akaitazama saa yake. Saa nane kasoro dakika tano. Miaka kumi na moja ilikuwa inakatika mbele ya macho yake, na hakuwa na la kufanya ila kujibu maswali kuhusu kamba. Alilia. Hakuona haya kulia, na mimi sioni haya kulisema.

*

Saa nane na dakika tatu simu yake iliita.

"Chande, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Sikudhani, imebanwa, kama anaongea kutoka kabatini.

"Kiserikali nimefika," Chande alisema huku anavuta kamasi. "Kwa kweli niko kwenye mihogo kilimani. Nisamehe, Siku. Kombwe ameshaingia?"

"Ameingia, amekaa. Hawezi kunyanyuka."

"Anaumwa?"

"Sikiliza. Saa nane kasoro dakika ishirini Shangazi alipata ujumbe kwenye simu. Una muhuri wa Wizara. Unasema, 'Ndugu Chande Mkwizu amefika nyumbani kwa Bi Sikudhani Mzuzuri.' Shangazi akachungulia mlangoni, akatazama mpaka chini ya kitanda. Saa nane ilipogonga Kombwe akasimama akasema, 'Huyu mtu hajafika.' Mimi nikamuuliza, polepole, mbele ya Sheikhe na watu wote: 'Bwana Kombwe, unaipinga Wizara?' Amekaa tangu hapo, hata maji hanywi."

Chande alisimama. Mhogo mmoja ukamkwaruza kanzu, hakujali.

"Kwa hiyo nimewahi?"

"Umewahi kwa dakika ishirini. Tatizo lako ni moja tu, huonekani. Usiondoke hapo, nakuja."

"Bibi harusi hatoki nje!" Sauti ya Shangazi ilisikika nyuma, kali, kisha simu ikakatika.

Alikuja. Alipanda kile kilima na ushungi wake wa harusi, viatu kwapani, mikono yote miwili imevishwa mifuko ya plastiki kwa sababu hina ilikuwa haijakauka. Nyuma yake walikuja kina mama wanne waliokuwa wakipika pilau, mmoja bado kashika mwiko, na mwisho kabisa, akihema, alikuja Kombwe. Yeye alikuwa ameambiwa kwamba mtu asiyetaka kwenda kumpokea mgeni aliyefika huenda bado ana mashaka na kufika kwake.

Chande alimtazama Sikudhani akasahau maneno yote aliyokuwa ameyaandaa tangu mwaka wa pili wa mapenzi yao. Sikudhani hakuwa na muda wa maneno. Alimgeukia Mlekwa.

"Afande, kitabu cha sheria unacho?"

Mlekwa alikitoa mfukoni, kimekaa safi, hakijawahi kutumika.

"Nifungulie, mikono yangu ina hina. Kifungu cha nne. Soma."

"'Gari lolote linaloendeshwa litafuata kielekezi,'" Mlekwa alisoma, kidole kikifuata mstari.

"Linaloendeshwa. Je, linalosukumwa?"

Mlekwa alipekua mbele, akapekua nyuma, akageuza kitabu akakitikisa. Hapakuwa na neno hata moja juu ya magari ya kusukumwa. Wakubwa waliotunga sheria walikuwa wameogopa kuligusa jambo hilo, kwa kuwa magari mengi ya serikali hutembea hivyo.

"Na mwenyewe je?" Mlekwa aliuliza kwa wasiwasi. "Amefika. Haruhusiwi kwenda."

"Haendi. Amekaa ndani ya gari, ametulia kama alivyofika. Likisogea, ni gari lililosogea." Sikudhani alishusha pumzi. "Afande, mimi nimekaa mahakamani miaka kumi na minne. Hilo hakuna hakimu atakayelisikiliza akamaliza."

Sajini Mlekwa alifikiri sana. Miaka minne alikuwa amelingoja gari, na sasa lilikuwa linataka kuondoka. Kisha akavua kofia, akaitupa juu ya kiti cha plastiki, akaenda nyuma ya gari akaweka mabega.

"Wekeni gia huru," alisema.

Kina mama wakashika pembeni. Kombwe alitaka kubaki ashike mwavuli, wakamtazama, naye akaweka mikono karibu na taa ya nyuma, kanzu yake iliyopigwa pasi ikaanza kupata vumbi. Chande alishika usukani. Sikudhani alikaa kando yake, begi mapajani, mifuko ya plastiki ikipwaya mikononi. Gari likaguna, likatoka kwenye mihogo, likaanza kuteremka njia ya mbuzi kuelekea mtaa wenye nyumba.

"Ndugu mwananchi," kielekezi kikazinduka, "mimi, Mheshimiwa Daktari Injinia Tegemea Nshomile, nakujulisha kwamba umepotea."

"Hakizimwi hicho?" Sikudhani aliuliza.

"Cha kuanzia," Chande alisema kwa aibu.

"Umepotea," alisema Waziri walipopita dukani. "Umepotea sana," alisema walipopita msikitini, na watu waliokuwa barazani wakasimama kulitazama gari lenye bibi harusi likisukumwa na sajini wa polisi na muuza matangi. "Rudi ulikofika!"

Walisimama mbele ya mlango wa Shangazi Kibibi saa tisa na robo. Yeye mwenyewe alikuwa kizingitini, mikono kiunoni, saa ya ukutani ameing'oa ameishika kama ushahidi. Alimtazama Chande, kanzu imechanika na macho mekundu. Aliitazama saa. Alifungua mdomo. Halafu akamwona Mlekwa, akaukumbuka ule ujumbe wenye muhuri, akaufunga. Akamtazama mpwa wake, nyayo zake zenye vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo, na hapo uso ukamlegea.

"Ulikwenda kwa miguu, mwanangu?"

"Kwa miguu, Shangazi."

Shangazi Kibibi aliirudisha saa ndani, akaacha mlango wazi.

Sheikhe alikuwa mzee, haoni mbali, na kwa muda mrefu alikuwa akisinzia kwenye mkeka. Kelele za kidude kule nje zilimwamsha. Akajiweka sawa, akafungua kitabu chake, akauliza kama inavyopasa:

"Bwana harusi amefika?"

Kombwe aliinamia vidole vyake vya miguu. Mlekwa alikaza mkanda, tayari kutoa taarifa rasmi. Shangazi alikohoa. Lakini aliyejibu alikuwa Sikudhani, kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ambayo nyumba nzima iliisikia.

"Yupo, Sheikhe. Nimemfuata mwenyewe."